KIU YA GARI LA MOSHI

Watu wengi wa miji yetu hupenda kwenda stesheni wakati gari la moshi lifikapo, hata kama hawana safari wala mgeni wa kumpokea. Huenda kutazama tu. Sisi tufundishao tumewakemea watoto mara nyingi kwa kuchelewa darasani kwa ajili ya kuhesabu mabehewa. Na baada ya kuwakemea tumejikuta tumesimama palepale penye ua wa stesheni, nasi twahesabu. Basi leo hatumkemei mtu. Twataka kuwachukua wasikilizaji wetu mbali sana, mpaka nchi ya Marekani, tukaketi pamoja kando ya njia ya reli ipitayo jangwani, tukatazama magari ya mizigo kwa nafasi. Tukisha kutazama tutauliza mambo mawili: ni nani waliopitisha njia mahali pasipo maji, na kwa nini magari yapitayo hapo leo hayana haja ya kusimama.

Jangwa hilo huandikwa Mojave, na wenyeji hulitamka Mohavi. Liko upande wa kusini mashariki wa California, na sehemu zake zaingia Nevada na Arizona. Msidhani kuwa ni bahari ya mchanga kama ile ionekanayo katika picha za Sahara. Ni nchi ya mawe na changarawe, yenye milima mikavu na mabonde mapana, na katikati ya mabonde hayo mna maziwa yaliyokauka, meupe kwa chumvi. Kijiti kimoja hapa, kingine kule. Mji wa Needles, ulio ukingoni mwa mto Colorado, haupati hata inchi 6 za mvua kwa mwaka mzima, na katika miezi ya joto kipimo hupanda kupita digrii 110 za Fahrenheit siku nyingi, na mara nyingine hupita 120. Mchana wa namna hiyo chuma cha reli hakishikiki kwa mkono mtupu.

Tuketi basi bondeni karibu na Cadiz, kabla jua halijapanda. Kwanza hapana kitu ila kimya. Kisha mbali sana, upande wa magharibi, yaonekana taa moja kama nyota iliyoanguka chini. Bonde ni pana na njia imenyoka, kwa hiyo taa huonekana gari likiwa bado maili nyingi. Mtu aweza kunywa chai yake akaimaliza, na taa ingali nyota. Halafu husikika ngurumo, nazo injini hutokea tatu au nne zimefuatana, kila moja ina nguvu za farasi 4,000 na zaidi. Nyuma yake huja makasha ya chuma, yale yanayoitwa makontena, yamepangwa mawili mawili, moja juu ya jingine: jekundu, la buluu, la kijivu, jeupe. Aanzaye kuhesabu hufika mia na bado. Gari moja laweza kuwa na urefu wa maili moja na nusu, au maili mbili, au kuzidi hapo. Mtazamaji hudhani mkia umefika, kumbe ni injini nyingine inayosukuma kutoka nyuma, wala ndani yake hamna mtu. Dereva aliye mbele huiongoza kwa redio. Ninyi mtusikilizao kwa redio hamtastaajabu sana. Walakini tufikiri kwamba mtu mmoja aketiye mwanzo wa gari hufunga breki za mashine iliyo maili mbili nyuma yake, asiyoweza hata kuiona. Katika gari zima mara nyingi wamo watu wawili tu, dereva na kondakta.

Makasha hayo yametoka melini, katika bandari za Los Angeles na Long Beach, na mengi yametengenezwa Asia: nguo, viatu, magurudumu ya motokaa, vyombo vya nyumbani. Huchukuliwa mpaka Chicago, safari ya maili 2,200 hivi. Njia ni mbili sambamba, na kabla masikio hayajatulia, gari jingine latoka mashariki limechukua nafaka, au makasha matupu yanayorudi baharini. Mchana na usiku makumi ya magari hupita. Nayo mengi hupita Cadiz bila kusimama kuchukua mtu au mzigo.

Lakini kando ya njia kuna mabao yenye majina, na penye mabao hayo mna misingi ya nyumba zilizobomoka. Tuyasome majina kwa mpango wake, tukienda kutoka magharibi kuelekea mashariki: Amboy, Bristol, Cadiz, Danby, Edson ambayo baadaye iliitwa Essex, Fenner, Goffs, Homer, Ibis, Java. Mtoto wa darasa la kwanza ataona mara moja jambo ambalo mtu mzima huenda asilione. Ni alifabeti! Fundi mmoja wa kupima njia, jina lake Lewis Kingman, ndiye anayetajwa kuwa alizipa stesheni majina hayo mwaka 1883, kama karani anayetia alama magunia. Twapenda akili yake, maana mpango huo humsaidia dereva kujua alipo. Hata hivyo yatupasa kusema kwamba nchi hiyo haikuwa daftari tupu. Ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na majina yao.

Wenyewe mmojawapo ni watu wa Mohave. Wao hujiita Aha Macav, na maana yake hufasiriwa kuwa watu wa kando ya mto. Walilima mahindi, maharagwe na maboga katika udongo ulioachwa na mafuriko ya mto Colorado, na tangu zamani walivuka jangwa kwa miguu mpaka pwani ya bahari kufanya biashara. Safari yao ilikwenda kwa kurukia maji: kutoka chemchemi mpaka chemchemi, na asiyejua chemchemi hakufika. Padre Mhispania Francisco Garcés alipolivuka jangwa hilo mwaka 1776, walimwongoza Wamohave. Luteni Amiel Whipple alipotumwa na serikali ya Marekani kutafuta njia ya reli, naye akapita hapo mwaka 1854, walimwongoza Wamohave, mmojawapo Irataba, aliyekuja kuwa mkuu mashuhuri. Vitabu vingi husema padre na luteni waligundua njia. Sisi twasema walionyeshwa.

Hapa pana jambo lililo mzizi wa habari yetu yote. Njia ya Wamohave ilipita milimani, kwa kuwa chemchemi ziko milimani. Mtu hupanda, punda hupanda. Gari la moshi haliwezi. Lataka mteremko mdogo, na likikuta mlima mkali huteleza au hushindwa. Kwa hiyo wajenzi wa reli waliiacha njia ya chemchemi wakashika mabonde ya chini upande wa kusini, mahali palipo sawasawa, na mahali hapo ndipo pasipo maji. Tangu siku ile wakawa na deni na jangwa.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa mashindano. Kampuni moja, Atlantic and Pacific, ilianza kutandika reli kutoka Albuquerque mwaka 1880 kuja magharibi. Kampuni ya Southern Pacific, iliyokuwa imeishika California yote mkononi, haikutaka mgeni aingie nyumbani mwake. Mwaka 1882 ikaanza njia yake kutoka mji uitwao Mojave, ikakimbilia mtoni kumzuia mgeni mlangoni. Maili 240 hivi zilitandikwa kwa muda wa miezi kumi na minne tu, na Aprili 1883 reli ilifika Needles. Agosti ya mwaka huohuo njia mbili ziliunganishwa. Mwaka 1884 njia ya jangwani ilikodishwa kwa Atlantic and Pacific, na hatimaye ikawa mali ya kampuni kubwa ya Santa Fe. Mwaka 1885 tawi jipya lilishuka kwa mlango wa Cajon, ulio kati ya milima, likaelekea pwani. Mto Colorado haukukubali upesi: daraja la kwanza, la miti, lilichukuliwa na mafuriko mara kwa mara, mpaka daraja la chuma lilipojengwa mwaka 1890 mahali penye mwamba.

Nani walitandika? Sehemu kubwa ya kazi ya upande wa California ilifanywa na vibarua wa Kichina. Walikata miamba, wakajaza mabonde, wakabeba mataruma na vyuma katika joto lile tulilolitaja. Na sikilizeni ajabu hii. Mwezi Mei 1882, wakati nyundo zao zilipokuwa zikigonga jangwani, serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie tena katika nchi. Sheria hiyo haikufutwa ila mwaka 1943. Jina la Kingman limebaki, hata mji mmoja wa Arizona waitwa hivyo. Jina la Mchina hata mmoja halikuandikwa kwenye bao lolote la stesheni zile kumi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki jambo la reli na kiu si geni kwetu. Reli ya kutoka Mombasa ilipovuka nyika ya Taru miaka michache baadaye, maji ya wafanyakazi yalibebwa kwa gari la moshi kutoka nyuma, na likichelewa, kazi ilisimama. Lakini Taru huvukwa mara moja, halafu nchi hupanda kwenye baridi. Huko Mojave jangwa huendelea kwa mamia ya maili.

Tueleze sasa kwa nini gari la moshi huona kiu. Injini ya zamani ni kama sufuria kubwa iliyofunikwa. Moto huchemsha maji, maji hugeuka mvuke, mvuke husukuma vyuma, na vyuma huzungusha magurudumu. Mvuke ukisha kufanya kazi hutoka kwa bomba la moshi, huruka hewani, basi umepotea. Hauwezi kurudi kuwa maji ya kutumika tena. Kwa hiyo kila hatua ya safari ni maji yaliyomwagwa angani. Injini kubwa za Santa Fe za miaka ya 1930 zilivuta nyuma yao tangi lenye galani 20,000 hivi za Kimarekani. Kwa kipimo chetu ni madebe 4,000 na ziada. Mama achotaye madebe manne kila siku angechukua karibu miaka mitatu kulijaza tangi hilo mara moja. Na injini ililimaliza katika kipande kimoja cha safari, kisha ikataka tena.

Na maji yenyewe ya jangwani yana chumvi na magadi. Mmeona ukoko mweupe ndani ya birika la chai? Ndani ya injini ukoko huo huwa mnene, huzuia moto usifikie maji, mabomba huungua hata yakapasuka. Maji ya magadi tena hufanya povu kama sabuni, povu likaingia mahali panapotaka mvuke mkavu, likaharibu vyuma. Basi visima vingi vilivyochimbwa kwa taabu vilitoa maji yasiyofaa kitu. Pale Newberry palikuwa na chemchemi njema, na kutoka hapo magari yenye matangi yalichukua maji kwenda stesheni kavu, kama Ludlow. Fikirini: gari la moshi likivuta maji kwenda kulinywesha gari la moshi jingine, nalo njiani likinywa sehemu yake.

Kati ya Ludlow na Amboy ilikuwako stesheni iitwayo Bagdad. Tangu Oktoba 1912 mpaka Novemba 1914, muda wa siku 767, haikunyesha pale hata tone moja la kupimika. Katika Marekani yote hapana mahali palipoandikwa ukame mrefu kuliko huo. Lakini watu walikaa Bagdad siku hizo zote, kwa maana injini zilisimama pale, na penye kusimama kwa injini pana kazi. Palikuwa na mtu wa pampu, mtu wa simu ya nyaya, genge la kutazama reli, mke wa huyu na watoto wa yule. Maji ya injini ndiyo yaliyokuwa maji ya binadamu. Mtoto aliyezaliwa huko alikunywa kutoka tangi lilelile lililonywesha chuma.

Genge la reli, tangu mwanzo wa karne ya ishirini, mara nyingi lilikuwa la watu wa Meksiko, nao walilipwa ujira mdogo kuliko wengine. Waliishi katika vijumba vilivyofanana, kando ya njia, wakitembea kila siku kutazama kama joto limepinda chuma. Mji wa Barstow, uliopewa jina kwa heshima ya mkubwa mmoja wa Santa Fe, ulikuwa pia na mtaa wa watu wa Laguna, waliotoka New Mexico. Hawa walikuwa wameiruhusu reli kupita katika ardhi yao kwa sharti kwamba reli iwape watu wao kazi. Mapatano hayo yalifanywa kwa mdomo, bila mkataba wa kuandika, na kila mwaka wazee walikutana na wakubwa wa reli kuyafanya upya. Waliyaita kumwagilia ua maji. Twapenda neno hilo kupita mengi yaliyosemwa na makampuni.

Nao mji wa Needles ulikuwa ajabu ya ajabu. Katika mji wenye joto kama tanuru, kampuni ilijenga kiwanda cha barafu. Machungwa ya California yalipelekwa miji ya mashariki katika mabehewa yenye masanduku ya barafu kila mwisho, na jangwani barafu ile iliyeyuka upesi. Kwa hiyo gari lilisimama Needles kando ya jukwaa refu, na watu wenye kulabu walitembea juu ya mapaa ya mabehewa wakisukuma vipande vizito vya barafu na kuviangusha ndani. Jasho lawatoka, na mikono imekufa ganzi kwa baridi. Abiria nao waliteremka kula katika nyumba kubwa yenye nguzo iitwayo El Garces, iliyofunguliwa mwaka 1908 na kupewa jina la padre yule. Nje ya nyumba hiyo wanawake wa Kimohave waliwauzia abiria shanga. Wajukuu wa walioonyesha njia, sasa wauza shanga mlangoni pa njia.

Kutoka Needles injini zilipanda mpaka Goffs, maili 30 hivi, zikitoka futi 500 juu ya bahari mpaka karibu futi 2,600, na mara nyingi injini moja haikutosha. Nyingine ilifungwa kuisaidia. Goffs basi ilikuwa mahali pa kupumua na kunywa. Mwaka 1914 ilijengwa shule, chumba kimoja cha kusomea, kwa watoto wa watu wa reli na wa wachimbaji madini wa jirani. Sisi walimu hatuwezi kuipita shule hiyo bila kusimama. Mwalimu wake alifundisha hesabu huku kila saa dirisha likitikisika, na bila shaka hakuwa na haja ya kutafuta mifano ya kujumlisha.

Kisha ikaja mashine isiyo na kiu. Mwishoni mwa mwaka 1939 kampuni ya Electro-Motive ilitoa injini ya dizeli ya kuvutia mizigo, sehemu nne zilizofungwa pamoja, nguvu za farasi 5,400, ikaitembeza nchi nzima ijaribiwe. Santa Fe hawakukawia. Februari 1941 dizeli yao ya kwanza ya mizigo ilivuta gari kutoka Kansas City mpaka California, ikasimama mara chache tu kuongezwa mafuta. Dizeli hutumia maji ya kupozea tu, nayo huzunguka ndani na kurudi, kama damu mwilini. Vita vilipoingia Marekani mwisho wa mwaka huo, askari na silaha zilijaa katika njia hii, na Jenerali Patton akafungua kambi za mazoezi jangwani humohumo mwaka 1942. Maji hayakutosha watu na injini pamoja. Basi dizeli mpya zilipelekwa kwanza hasa kati ya Winslow na Barstow, penye kiu kubwa kuliko kote. Hapana reli nyingine iliyonunua dizeli za namna ile kwa wingi kama Santa Fe: sehemu 320. Zilikuwa na breki za umeme pia, zilizoliwezesha gari kushuka milima mirefu bila kuunguza magurudumu.

Kwa kampuni ilikuwa neema kubwa, na twakubali ilikuwa akili njema. Nani angependa kuendelea kubeba maji kwa maji? Lakini tuhesabu upande wa pili pia. Mtu wa pampu hakuwa na kazi. Mchochea moto, fundi wa kukwangua ukoko, mwenye kuangalia matangi, kila mmoja akaambiwa siku yake imekwisha. Matangi yaliangushwa. El Garces ilifunga milango yake mwaka 1949. Mwaka 1957 Santa Fe ilizima moto wa injini zake za mvuke za mwisho. Nasi tungali twasema gari la moshi, na moshi wenyewe haupo!

Wala dizeli peke yake haikuua vijiji hivyo. Barabara ya motokaa namba 66, iliyotangazwa mwaka 1926, ilipita karibu na reli, na kwa muda watu waliishi kwa kuuza petroli, chakula na maji kwa wasafiri. Goffs iliachwa kando barabara ilipofupishwa mwaka 1931, na shule yake ikafungwa mwaka 1937. Wengine walipumua mpaka mwaka 1973, barabara kuu mpya namba 40 ilipofunguliwa upande wa kaskazini. Baada ya hapo motokaa hazikuwa na sababu ya kupita Amboy. Bagdad leo haina nyumba hata moja. Mtu akitaka kujua ilikuwa wapi, hana budi kuuliza kwa watu wa reli.

Kampuni ya Santa Fe yenyewe iliunganishwa na Burlington Northern mwaka 1995, nayo sasa huitwa BNSF. Mizigo imeongezeka kupita ndoto ya Kingman. Lakini neno la maji halijaisha. Tangu miaka ya 1990 pamekuwa na mashindano makali juu ya shauri la kuchimba maji yaliyo chini ya ardhi pale Cadiz na kuyapeleka kwa bomba kwenye miji ya pwani, bomba hilo lipite katika ardhi ya reli ndogo ya tawi. Wanaotaka husema maji hayo yapotea bure kwa kukauka katika ziwa la chumvi. Wanaokataa husema chemchemi za milimani zitakufa, zile zilizowanywesha Wamohave na wanyama. Imeulizwa hata serikalini kama haki ya kupitisha reli ni haki ya kupitisha maji. Mwaka 2015 jibu lilikuwa hapana, na mwaka 2017 jibu hilo likageuzwa. Sisi si waamuzi. Ila twaona kwamba mahali ambapo kwa miaka sitini reli ilileta maji, sasa watu wataka reli iwe njia ya kuyaondoa.

Jua linatua, tuondoke Cadiz twende Goffs kwa dakika chache zilizobaki. Shule ile ingalipo. Wakati wa vita askari walinunua chakula humo, halafu ikaachwa ikabomoka, mpaka wapenzi wa historia ya jangwa walipoitengeneza upya, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Madawati yapo, na madirisha yametazama nje. Upande wa Needles taa imetokea. Gari linapanda, kwa hiyo halina haraka, na tuna nafasi ya kuanza kuhesabu tangu injini ya kwanza.